Krona Sabini na Tisa

Upande huu wa mto, Tornio, albamu ya baba ni euro kumi na tatu.
Upande ule, Haparanda, ni krona sabini na tisa,
yaani euro saba, ukibana kidogo.
Kodiani ileile. Nyimbo zilezile kumi na moja.
Baba yuleyule, Reino,
tuliyemzika na viatu vyake vya dansi.

Mama alivua miwani akauliza:
"Hiyo ya ziada ni nauli?"
Nikamwambia hakuna lori, mama. Wimbo hauna uzito,
haupandi gari, hauli, haulali njiani.
"Basi euro sita zinakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu.
Mahali fulani, katika ofisi yenye zulia,
mtu ambaye hajawahi kuuona mto huu ukiganda
ameangalia jedwali akasema:
hawa watatoa kumi na tatu,
wale ukiwazidishia watagoma.
Ametukatia huzuni kama kitambaa,
mteja huyu kwa rula hii, yule kwa rula ile.

Nikajaribu ujanja.
Jumamosi nilivuka daraja kwa miguu,
nikasimama penye maegesho ya duka la samani,
simu mkononi, theluji mabegani,
nikabonyeza Nunua.
Simu ikanijibu kwa adabu za karani wa forodha:
kadi yako ni ya nchi nyingine.
Kumbe nilivuka mimi tu.
Babu zangu walipita papo hapa usiku, enzi za vita,
siagi na kahawa chini ya nyasi za farasi,
na hawakukutana na mlinzi mwenye macho kama haya.

Nilirudi na soksi zilizolowa.
Mama hakucheka.
"Mpigie Gunvor," akasema.

Gunvor aliimba na baba miaka saba.
Nyumbani kwetu jina hilo lilikuwa kama kisu cha nyama:
kipo, kinajulikana droo yake,
hakiachwi mezani.

Tulitoka saa nane mchana, tukafika saa saba na nusu,
maana saa za kule ziko nyuma ya zetu
(hilo ndilo punguzo pekee wanalotupa bila kuomba kadi).
Gunvor alikuwa ameshainunua.
Alimimina kahawa, akaitumbukiza simu
ndani ya bakuli la bati, sauti ipate kukua.
Wakakaa, wajane wawili wa mtu mmoja,
mmoja tu mwenye cheti,
nami nikajifanya nasoma pakiti ya sukari.

Wimbo wa nne,
kabla kodiani haijavuta pumzi,
mtu anakohoa.

Mama akainua kidole.
Gunvor akainua kidole.
"Ni yeye," wakasema, kila mmoja kwa lugha yake.
"Rudisha."
Nikarudisha. Akakohoa.
"Tena."
Akakohoa.
Kahawa ikapoa, na ule wimbo wenyewe
sidhani kama tuliusikia hadi mwisho.

Wakati wa kuaga mama alipanga sarafu mezani,
euro saba, mojamoja, kama anayelipa deni la duka.
Gunvor akazisukuma kwake.
Mama akazisukuma kwa Gunvor.
Zilivuka meza ile mara nne au tano,
hazikuulizwa zimetoka nchi gani,
mwishowe zikabaki katikati, karibu na bakuli,
wala hakuna aliyezitazama tena.

Darajani, pale ambapo saa ya simu yangu iliruka
ikatunyang'anya ile saa moja tuliyopewa,
mama alisimama, akashika chuma cha ukingo kwa glavu.
"Kumi na tatu," akasema.
"Kwa kikohozi kile ningetoa mia."

Akatembea hatua mbili, akageuka,
akaitazama simu mfukoni mwangu
kama mtu anayemtazama mpelelezi.
"Usiwaambie."